Mzee wa Vita Niliyemtengeneza kwa Ajili ya Mkaguzi

Nimekosa, jamani! Naanza kwa kusema hivyo kabla sijaanza kujitetea, maana mdomo wangu naujua. Nimewakosea watoto wa watu, nimemkosea mkaguzi wa shule, na nimemkosea mfuga ng'ombe mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kunionea huruma. Na kibaya zaidi, hata sasa ninapoandika, kicheko kinanitoka! Nacheka, halafu nakumbuka mwisho wake, nanyamaza kama nimemwagiwa maji.

Jina langu silitaji. Shule nayo siitaji. Jueni tu kwamba mimi ni mwalimu wa kike, sijaolewa bado, na mpaka muhula uliopita nilikuwa nafundisha Historia darasa la sita katika shule ya msingi moja upande wa Uyole, Mbeya.

Sasa nisikilizeni.

Mchumba wangu naye ni mwalimu. Yeye yuko Kalenga, kule Iringa. Tangu tulipotoka chuoni yeye yuko kule, mimi niko huku, tunaonana likizo tu kama watu wanaotembelea wagonjwa. Kila nikiomba uhamisho naambiwa subiri. Nikiuliza nisubiri mpaka lini, naambiwa subiri.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya Uyole inayokata masikio, Mwalimu Mkuu akaingia ofisi ya walimu anatoka jasho. Jasho, nawaambia, na sisi wengine tumejifunga makoti!

"Ndugu walimu," akasema, "ukaguzi unakuja. Wanataka kuona Historia inafundishwaje. Mkaguzi anatoka Iringa."

Iringa! Wenzangu walishika vichwa. Mimi moyo uliruka kama mwana mbuzi. Nikawaza: mtu huyu nikimfurahisha, akirudi kwao anarudi na habari zangu. Atasema, mwalimu kama yule anakaa Uyole kufanya nini? Mleteni huku! Nikajiona tayari nimefika Kalenga, nimevaa gauni jeupe.

Tulianza matayarisho. Loo, shule iligeuka! Watoto walifyeka majani mpaka panzi wakahama. Mawe ya njiani tuliyapaka chokaa. Kwenye shamba la shule kulikuwa na kabichi, na Mwalimu Mkuu alizipenda kabichi zile kuliko walimu wake. Akaamuru zimwagiliwe asubuhi na jioni ili mkaguzi azikute zimenenepa.

Mimi nilichora ramani ya nchi yetu kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nikaandika upya maandalio ya masomo. Nikawafundisha watoto kusimama pamoja na kuitikia pamoja.

Lakini Mwalimu Mkuu akaja akanong'ona. "Huyu mkaguzi nimemuulizia. Ramani hazimshtui. Anataka historia ya hapa hapa. Anataka zana hai."

"Zana hai ndiyo nini?"

"Mtu! Lete mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake."

Nikasema, "Hilo dogo, Mwalimu. Mtu ninaye."

Na kweli nilikuwa naye! Nyuma ya soko palikuwa na mzee wa Kinyakyusa anayekaa kwa binti yake. Utotoni alibebeshwa mizigo katika vita ya Wajerumani na Waingereza. Nilikwisha kwenda kumwamkia, tukakubaliana atakuja darasani. Laiti ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuungama.

Siku moja kabla ya ukaguzi nikapita kumkumbusha. Nyumba imefungwa! Jirani akaniambia, "Wamekwenda Rungwe, Mwalimu. Wamefiwa."

Nilisimama pale sokoni. Nikamwambie nini Mwalimu Mkuu, ambaye alikwisha agiza kiti cha mgeni kipambwe kwa kitambaa?

Ndipo nikasikia sauti. "Mwalimu, mbona umekauka kama samaki? Njoo uchukue samli."

Alikuwa Masanja.

Masanja ni Msukuma. Yeye na mke wake, Mama Kulwa, walihama na ng'ombe zao kutoka kaskazini wakaja kutafuta majani ya Usangu. Siku za soko walikuwa wanaleta samli na maziwa ya mgando Uyole, nami nilikuwa mteja wao. Si mzee sana, kama baba yangu hivi, lakini kichwa chake chote ni cheupe, meno mawili ya mbele hayapo, na maneno! Masanja akisimulia jinsi ndama alivyozaliwa, soko zima linasimama.

Nikamtazama zile mvi. Wazo likaja. Ningeweza kulifukuza, lakini nililikaribisha, nikalipa na kiti.

"Masanja," nikasema, "hivi unaweza kuwa mzee zaidi?"

Akacheka. "Zaidi kivipi? Mungu mwenyewe anaongeza kila siku."

Nikamweleza yote. Mkaguzi, uhamisho, mchumba, Kalenga. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetoa mwiba. Mama Kulwa alikuwa amekaa pembeni anafunika vibuyu, akasema, "Aa, Mwalimu. Hiyo si kudanganya watoto?"

"Ni kama mchezo wa kuigiza, mama!" nikamjibu. "Vita ilikuwepo kweli, wabeba mizigo walikuwepo kweli. Masanja atasema tu yale ambayo wangeyasema wenyewe."

Masanja akanitazama muda, akatikisa kichwa. "Binti yangu ananyimwa kuolewa kwa sababu ya mkaguzi? Haya, nitakuwa mzee."

Tukakubaliana jina. Tukamwita Mzee Sanga, kutoka milima ya Ukinga. Niliichagua Ukinga kwa ujanja: mkaguzi ni Mhehe, Kikinga hakijui, hataweza kumjaribu. Niliona nina akili kweli kweli!

Asubuhi ya ukaguzi Masanja akaja amevaa koti la kijeshi lililochakaa, sijui alilipata wapi, na fimbo, na mgongo umepinda. Umepinda hasa! Nilimpita mlangoni bila kumtambua, mimi mteja wake, sembuse watoto! Nikaingia chumba cha kuwekea majembe, nikacheka mpaka nikaumwa mbavu.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mpole, suti ya Kaunda imenyooshwa, kalamu mfukoni. Akakaa nyuma ya darasa. Watoto walisimama, wakaitikia kama nilivyowafundisha. Nikamwona anaandika bila kutabasamu. Nikaona Kalenga inasogea mbali.

"Leo tuna mgeni," nikasema. "Mzee Sanga alibeba mizigo ya Wajerumani wakati wa vita. Atatusimulia."

Mkaguzi akanyanyuka na kumwamkia kwa heshima. "Kamwene, baba!"

"Kamwene! Kamwene! Kamwene!" Masanja akajibu. Ndiyo salamu pekee ya watu wa huku aliyoijua.

Tulikuwa tumepatana aseme kidogo tu: njia ilikuwa ndefu, mzigo ulikuwa mzito, njaa ilikuwa kali. Asante, kwaheri. Weee! Mtu ambaye soko zima linamsimamia, umweke mbele ya watoto wote wale wamekaa kimya wanamtazama mdomoni, halafu aseme kidogo?

Akasema, "Wajukuu zangu, mimi sikubeba risasi. Mimi nilibeba beseni."

"Beseni?" darasa zima.

"Beseni la kuogea la Bwana Mkubwa. La bati. Refu kama jeneza la mtu mnene. Tulitoka Tukuyu tunakwenda Iringa, Waingereza wako nyuma wanapiga bunduki, puu! puu! Watu wote wanalala chini. Mimi nalala wapi? Nimefunikwa na beseni! Risasi zinagonga, ngo! ngo! Nikawa kama kobe."

Watoto walianguka kwenye madawati. Nilimkonyeza aishie hapo. Naye akanikonyeza, akaendelea!

"Tukafika Ruaha. Mto umejaa. Bwana Mkubwa analia, nitavukaje? Nikamwambia, ingia. Nikamtia kwenye beseni, nikachukua mwiko wa mpishi, nikapiga makasia. Katikati ya mto, nani anatokea? Kiboko! Anatazama beseni. Anatazama Mjerumani. Akaona hiki kitu hakiliwi, akaenda zake."

Jamani! Nilimtazama mkaguzi nikitegemea kukuta uso wa kaburi. Mkaguzi alikuwa amevua miwani, anafuta machozi kwa leso, mabega yanatikisika!

Halafu watoto wakaanza kuuliza. Sikuwa nimewafundisha maswali. Yalitoka kwao wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mlikuwa mnakula nini? Wajerumani walikuwa wanawaita kwa majina yenu? Kwa nini hamkutupa mizigo mkakimbia? Msichana mmoja wa dawati la mbele, Tumaini, mtoto asiyesema kwa kawaida, akasimama. "Mzee, wakati unabeba beseni la Mjerumani, nyumbani kwenu nani alikuwa analima?"

Masanja alinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alinyamaza. Halafu akasema taratibu, "Mama yangu. Alilima peke yake."

Sikujua alikuwa anamsema mama wa nani. 

Kengele ilipolia mkaguzi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndugu Mwalimu, nimekagua shule nyingi. Darasa la namna hii sijaliona. Kwingine watoto wanakariri tu miaka na majina. Wa kwako wanauliza!"

Mwalimu Mkuu nje alikuwa anaruka. Anaruka kabisa, mtu mzima, kando ya kabichi zake!

Nikaona ndiyo saa. Nikasema kwa sauti laini, "Ndugu Mkaguzi, nina ombi dogo la uhamisho. Kwenda Iringa."

"Uhamisho?" Akacheka kwa furaha. "Wewe? Hapana! Nani atakubali ung'olewe hapa? Nitaandika mwenyewe kwamba usiguswe. Tena mwezi ujao nakuja na walimu wa Historia wa shule zote za jirani, waje kumsikia Mzee Sanga na kujifunza kwako."

Loo! Nimejifunga kwa kamba niliyoisuka mwenyewe! Masanja alipopita kando yangu na ule mgongo wake wa kupinda akanong'ona, "Vipi binti, nimeweza?"

"Umeweza mno," nikamwambia.

Mwezi ule nilikonda. Watoto wakawa wanacheza beseni kila mapumziko. Mmoja Mjerumani, mmoja kiboko, mmoja Mzee Sanga. Nikiwapa zoezi, linarudi na beseni. Nilitamani kusema ukweli, kisha nikawa naahirisha, nikijiambia wakija hao walimu mara hii moja, basi, mambo yataisha.

Siku ikafika. Ilikuwa siku ya mnada, Masanja na mke wake walikuwa wameleta ng'ombe za kuuza. Akaniambia, "Mama Kulwa atazishika hapo barabarani, mimi nikimaliza uzee wangu naondoka."

Darasa lilijaa. Walimu wamekaa mpaka madirishani. Mkaguzi mbele, Mwalimu Mkuu pembeni yake ametuna kama bwana harusi. Masanja yuko katikati ya Ruaha, mwiko mkononi, kiboko ndiyo anatokea, ndipo tukasikia kelele nje.

"Masanja! Wee Masanja! Ng'ombe zimeingia kwenye kabichi! Zinamaliza! Masanjaaa!"

Mama Kulwa alikuwa anakuja mbio katikati ya yale mawe yetu ya chokaa, khanga mkononi.

Tukatazama dirishani. Lo! Kabichi za Mwalimu Mkuu! Ng'ombe wamejipanga kama watu kwenye karamu, kila mmoja na yake mdomoni!

Mzee Sanga wa vita ya Wajerumani akatupa fimbo. Mgongo ukanyooka, tii! Akaruka juu ya dawati, akapitia dirishani kama kijana wa mchakamchaka, anapiga mluzi, anafoka Kisukuma kitupu. Koti la kijeshi lilibaki limening'inia kwenye komeo.

Walimu wote walibaki wanalitazama lile koti. Kisha mwalimu mmoja wa Usangu akasema, "Yule si Masanja? Kambi yake iko karibu na kwetu. Hajafika hata miaka sitini yule."

Vicheko vikalipuka! Walimu wote wale, na watoto, na mimi pia, Mungu nisamehe, nilicheka. Mpaka nilipoona mtu mmoja hacheki. Mkaguzi alikuwa ananitazama.

"Ndugu Mwalimu," akasema, "huyu mtu ni nani?"

Hapa ndipo penyewe, wasomaji. Yote niliyoyasema huko juu ni upuuzi wa msichana anayetaka kuolewa. Mngeweza kunicheka mkanisamehe. Lakini nililojibu pale, hilo sijui.

Nilisema, "Amenidanganya! Alinijia mwenyewe akasema ni mzee wa vita. Mimi nimeshtuka kama ninyi."

Mama Kulwa alikuwa amefika mlangoni, anahema. Alisikia. Akanitazama kama anayetafuta uso wangu uko wapi. "Mwalimu," akasema, "si wewe uliyemwita? Mimi si nilikuwepo?"

Nikatazama sakafu.

Masanja akarudi, miguu imejaa matope, jani la kabichi begani. Mwalimu Mkuu akamvamia. "Wewe tapeli! Umemdanganya mwalimu wangu, umekula kabichi zangu! Mwalimu anasema ulimwambia ni mzee wa vita, kweli au uongo?"

Masanja akanigeukia. Nilitamani aseme. Haki ya Mungu nilitamani anitaje, ili niache kushikilia uongo ule. Akanitazama kidogo tu, bila hasira.

"Kweli," akasema. "Nilimdanganya Mwalimu."

Wakamchukua, wakampeleka ofisi ya kijiji. Ng'ombe wakafungiwa. Mama Kulwa akafuata nyuma. Na mimi nikabaki darasani, walimu wenzangu wananipa pole. Pole! Mmoja akaniletea maji ya kunywa.

Asubuhi yake, kwenye mchakamchaka, nikawasikia walimu wanasema mwenyekiti wa kijiji ameamua: Masanja na jamaa zake wote waliopiga kambi upande ule waondolewe, warudi walikotoka. Watu walikuwa wanatafuta sababu siku nyingi, walisema wale wafugaji wanaleta ng'ombe wengi. Sasa sababu imepatikana, na sababu ni mimi.

Niliacha watoto wanaimba, nikakimbia. Sikujua naenda kusema nini. Nilijua tu mkaguzi anasubiri basi la Iringa.

Nikamkuta kwenye hoteli moja pale njia panda, anakunywa chai na chapati. Mahali pamejaa madereva wa malori. Nikasimama mbele ya meza yake nahema, nikasema kwa sauti ambayo sikuikusudia iwe kubwa hivyo: "Ni mimi! Mzee nimemtengeneza mimi! Jina nimempa mimi! Nilitaka kuolewa Iringa!"

Hoteli nzima ikageuka. Mkaguzi akapaliwa na chapati. Dereva mmoja akampiga mgongoni, mwingine akaniuliza, "Dada, umemtengeneza mzee kwa nini, vijana wamekwisha?"

Nikasimulia yote. Sokoni, samli, Rungwe, Ukinga. Nilipofika kwenye "Kamwene, kamwene, kamwene," mkaguzi alifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Basi nami nikacheka, na madereva wakacheka, na mwenye hoteli akaja na birika kusikiliza. Nilijiambia nimepona.

Halafu mkaguzi akaondoa mikono usoni. Hakuwa anacheka tena.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Maswali ya wale watoto yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia darasani. Yale hukuyatengeneza wewe, wala hukumhitaji mtu wa kukudanganyia. Wamemuuliza mtu ambaye vitani hakuwepo. Na yule bwana yuko ndani kwa ajili yako." Akasukuma kikombe. "Twende."

Basi la Iringa lilipita tukiwa njiani. Halikumngoja.

Ofisi ya kijiji palikuwa na wazee wa baraza, Mwalimu Mkuu, na Masanja amekaa kwenye benchi, mkewe kando yake. Nilisema mbele yao wote. Sikuacha hata moja. Mwalimu Mkuu alinitazama kana kwamba nimekula mimi zile kabichi. Mwenyekiti alikasirika sana, kwa kosa langu na kwa kupotewa na sababu yake ya kuwafukuza. Mkaguzi alimweleza kwa upole kwamba kosa ni la mwalimu, na litaadhibiwa kama kosa la mwalimu. Kambi ikaachwa. Masanja akaambiwa apande kabichi upya. Nikasema nitapanda naye.

Tukiwa shambani, mikono kwenye udongo, nikamuuliza. "Kwa nini ulikubali? Ungenitaja tu."

Masanja alikuwa anachimba kishimo kwa kidole. "Wewe una kazi ya kupoteza. Mimi kufukuzwa nimezoea." Akatabasamu na lile pengo lake. "Tena nikwambie. Tangu nifike huku, kila mtu ananiambia, toa ng'ombe zako. Wale watoto ndio wa kwanza kuniambia, mzee, endelea."

Nililia juu ya miche ile mpaka akaniambia imetosha maji.

Mama Kulwa hakusema nami siku ile. Wala hajasema mpaka leo. Naliona ni haki yake.

Lakini lililobaki ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Mkaguzi hakuniruhusu kuondoka kabla sijawaambia watoto. Nikasimama mbele ya darasa la sita, nikawaambia Mzee Sanga hakuwahi kuwepo. Hakubeba kitu. Vita ilikuwepo, wabeba mizigo walikuwepo, wengi hawakurudi, lakini beseni hakuna, na kiboko hakuna.

"Hata kiboko?" akauliza mmoja, karibu alie.

"Hata kiboko."

Wengine walicheka. Wengine walinuna. Tumaini akanyoosha mkono, akasimama. Hakuwa na hasira, alitaka tu kujua, kama alivyotaka kujua nani alikuwa analima.

"Mwalimu," akasema, "na yale mengine uliyotufundisha, nayo je?"

Nilitazama ramani yangu ya karatasi za saruji.  Nilikuwa nimewafundisha muhula mzima kwa bidii, mambo ya kweli, niliyoyasoma na kuyahangaikia. Yote sasa yalikuwa yamesimama pamoja na kiboko.

Nilihamishwa, ndiyo. Sikupelekwa Iringa. Niko Chunya! Vumbi mpaka kwenye meno, tumbaku na wachimba dhahabu, na kutoka hapa hadi Kalenga ni mbali kuliko kutoka Uyole. Nimepewa onyo la maandishi. Mama wa mchumba wangu amesikia habari, amesema mwanawe asioe msichana anayeweza kutengeneza mzee, kesho atatengeneza nini? Mchumba anasema tumngoje apoe. Nangoja. Namuona anacheka kwenye barua zake, lakini tarehe ya harusi haitaji tena.

Walimu wenzangu mnaosoma hapa, nawaomba. Mkisikia wakaguzi wanakuja, fyekeni majani, pakeni chokaa, andikeni maandalio, hata mkitoka jasho na baridi ipo, hakuna ubaya. Mzee wenu akisafiri, simameni mbele ya mgeni mseme: mzee amesafiri, leo hatuna. Ni maneno machache! Mimi yalinishinda.

Na mtu akiwaonea huruma akawafanyia jambo la kijinga, kwa Mungu, likiharibika msimuache alibebe peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama amekubali mwenyewe.

Watoto wa Chunya hawanijui. Juzi nilikuwa nafundisha habari za misafara ya zamani, msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hayo umeyajuaje?" Niliona fahari ya ajabu kuulizwa. Nikamwambia haya nimeyasoma kwenye kitabu, haya nimeambiwa na fulani aliyekuwepo, na haya mengine sina hakika nayo. Akaandika. Nikasubiri mpaka alipomaliza kuandika, ndipo nikaendelea.